Figo ya Rochelle

Watu wa Sacaton, kijiji chetu sisi wenyeji wa asili wa jangwa hili, hawashtuki wakisikia figo za mtu zimekwisha. Wanauliza tu amepangiwa kiti cha siku zipi, kisha wanaendelea na maongezi yao. Kiti chenyewe ni kile cha kulalia kwenye kituo cha kusafishia damu, na hakuna ukoo pale ambao haujatoa mtu wa kukikalia. Alvina Osife alipangiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, karibu na dirisha, jirani na Mzee Wendell Soke aliyekuwa amekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari.

"Mguu umetangulia makaburini kunishikia nafasi," Mzee Wendell alimwambia siku ya kwanza. "Kule kunajaa haraka, dada yangu. Ukizubaa utazikwa barabarani."

Alvina alicheka mpaka muuguzi akaja mbio kuangalia kama sindano imechomoka. Alikuwa mtu wa kucheka, na kwetu mtu asiyetaniana na wenzake huwa tunamwona mgonjwa. Lakini kicheko cha kwenye kile kiti kinaishia mdomoni. Damu inatoka kwa mrija mmoja, inazunguka kwenye mashine, inarudi kwa mrija mwingine, na wewe umelala unatazama televisheni iliyozimwa sauti. Ukirudi nyumbani huna nguvu hata ya kumenya kitunguu. Maji unapimiwa. Tikiti maji, ambalo watu wa jangwa letu wanalipenda kuliko nyama, unalitazama wenzako wakilila. Na mkojo unakata kabisa. Unakwenda chooni kwa mazoea, unakaa, hakitoki kitu, unanyanyuka. Alvina alisema hilo lilimuuma kuliko sindano zote, kwamba alikuwa akikaa kwenye choo chake mwenyewe kama mgeni.

Aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha ni Rochelle, mtoto wake wa pekee. Rochelle alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye binti mmoja, Tasheena, na alikuwa amefika miaka thelathini na sita bila kuguswa na sukari. Kwetu hilo ni jambo la kustaajabiwa. Nusu ya wale aliosoma nao walishaanza kujidunga sindano za sukari. Basi siku moja, akiwa anaendesha, wala hakugeuza shingo, akasema:

"Mama, nitakupa figo moja."

"Tazama barabara."

"Naitazama. Nimesema nitakupa moja. Mimi ninazo mbili."

"Hata mimi nilikuwa nazo mbili. Ziko wapi?"

"Mama, sitanii."

"Wewe una mtoto wa kulea, Rochelle. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, acha zamu yangu iishe."

Ndivyo alivyosema, na mtu angemsikia angemsifu. Lakini ndani yake kitu kiliruka. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Alitaka kunywa maji mpaka atosheke. Alitaka kuishi, tena kwa ulafi ambao hakuwahi kujua kwamba anao, na kabla hajalala aliomba Rochelle asibadili nia.

Sasa hapa inabidi nieleze kidogo habari za waliokufa. Sisi aliyekufa hatumtaji jina. Aliyekufa ana upweke, akisikia anaitwa anageuka kukutazama, na akikutazama sana unaanza kuumwa. Ndiyo maana nguo zake huchomwa moto, na bundi akilia karibu na nyumba watu wanashusha sauti. Vijana wa siku hizi wanabandika majina ya marehemu wao kwenye vioo vya magari, wanazunguka nayo kijiji kizima, na hakuna anayewakemea. Lakini Alvina alilelewa na mama wa zamani, na mambo hayo kwake hayakuwa na mzaha.

Mume wake alikufa Rochelle akiwa na miaka mitatu. Alvina alichoma mashati yake, akachoma kofia na viatu, akachoma hata gitaa alilokuwa akipigia dansi za sikukuu. Jina nalo akalifungia. Rochelle alilijua jina la baba yake kwa kulisoma kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Hakupata kulisikia likitoka mdomoni mwa mama yake hata siku moja. Alipouliza baba alikufa kwa nini aliambiwa, "Aliumwa," na alipouliza tena Alvina alitoka nje kwenda kuchochea moto wa maharage.

Alvina alijua vizuri aliumwa nini. Sukari ilimpata mwanamume yule angali kijana. Kisha miguu ikavimba, ukaja uso, ikawa kila akiamka anatapika, na ngozi ikamwasha mpaka akajikuna kwa kigae. Mashine wakati ule zilikuwa mjini, hakuzitaka, na hata angezitaka sijui kama wangempa. Kaka yake alikuwa amekwisha kwenda kwa namna ile ile. Mama yao kwa namna ile ile. Kwetu wapo wazee wenye sukari mpaka meno yamewaisha na figo zao hazijawahi kuwasumbua, lakini katika ukoo ule sukari ikiingia haikukaa sebuleni, ilikwenda moja kwa moja kwenye figo. Alvina hakusimuliwa. Ndiye aliyewaosha wote watatu.

Hospitali ya kupandikiza figo ilikuwa Phoenix. Daktari aliyewapokea, Daktari Halvorsen, alikuwa bado msichana, na alikuwa na adabu nyingi. Aliwaketisha, akawaletea maji, akayaondoa haraka alipokumbuka kwamba Alvina hanywi, akaomba radhi. Kisha akasimama kwenye ubao mweupe akachora duara kwa kila mwanamke wa ukoo na mraba kwa kila mwanamume.

"Watu wenu wamepimwa damu kwa miaka mingi," akasema. "Wametufundisha mengi."

"Ndiyo," Alvina akamjibu. "Kwanza wenzenu walichukua mto wetu kumwagilia mashamba yao. Ulipokauka wakaja kuchukua damu."

Daktari akawa mwekundu mpaka masikioni. Rochelle akamkanyaga mama yake mguu chini ya kiti.

"Acha, mwanangu, namtania tu. Endelea, daktari."

"Nilitaka kusema hivi. Kisukari peke yake hakitoshi kuua figo. Kuna mtu anakaa nacho miaka arobaini na figo zake nzima. Mwingine miaka kumi tu zimekwisha, na wote wanakula chakula kimoja. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni vinasaba, vile mtoto anavyopewa na baba na mama anapotungwa. Si kinasaba kimoja ambacho naweza kukikamata nikasema huyu hapa ndiye mwizi. Ni vingi, na kila kimoja kinasukuma kidogo. Kwa hiyo sina kipimo cha damu cha kuniambia yote. Kipimo changu kizuri bado ni kuuliza: katika ukoo, nani alikufa kwa figo?"

Akaweka kidole kwenye duara la Alvina.

"Upande wako, mama, naujua, umekaa mbele yangu. Ikiwa ni upande mmoja naweza kujikaza, maana Rochelle amefika umri huu akiwa mzima. Lakini ikiwa ni pande zote mbili, simgusi. Akija kupata sukari naye amebaki na figo moja, hatafika mbali." Kidole kikahamia kwenye mraba wa jirani. "Baba yake Rochelle alikufa kwa nini?"

Rochelle akageuka kwa mama yake. "Mimi sijui. Nilikuwa mdogo. Aliumwa."

Wote wawili wakamtazama Alvina, na Alvina akatazama mikono yake.

"Sisi hatuwasemi waliokufa," akasema.

Daktari Halvorsen akashusha kalamu. "Nisamehe sana, mama. Nilifundishwa jambo hilo kabla ya kuanza kazi huku, nikalisahau. Naliheshimu." Akafikiri kidogo. "Basi usimtaje. Nijibu kwa kichwa tu. Upande ule kulikuwa na ugonjwa wa figo?"

Laiti daktari yule angekuwa mkorofi! Laiti angepiga meza! Kijijini kuna wauguzi wa kike ambao wangemwambia Alvina, wewe mama, tema hilo unalotafuna, na angelitema. Huyu alisubiri kwa upole. Kichwa cha Alvina hakikwenda mbele wala pembeni. Alijisikia shingo imekuwa nzito, akajiambia kwamba ni mila, kwamba hata kutikisa kichwa ni kumwita. Nami nasema mila ilimfaa siku ile. Mara ngapi alishamtaja marehemu huyu au yule kwa kupitia pembeni, yule wa gitaa, yule wa nyumba ya juu, na hakuumwa? Alijua njia za kusema. Aliogopa kwamba akisema atarudishwa kwenye kile kiti mpaka afe, na hofu hiyo ikavaa nguo za heshima ikakaa kimya.

Daktari akachora alama ya kuuliza ndani ya mraba, akaendelea na mengine.

Walipokuwa njiani kurudi, Rochelle akauliza, "Mama, kuna kitu napaswa kujua?"

"Fungua dirisha," Alvina akasema. "Humu kuna joto."

Walipasuliwa majira ya baridi, vyumba viwili jirani. Figo ya Rochelle ilianza kufanya kazi Alvina akiwa bado mezani, na daktari alisema mkojo ulitoka kama bomba lililofunguliwa. Alipozinduka Alvina aliona mfuko umejaa pembeni ya kitanda, akalia kwa furaha. Rochelle aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, ameshika tumbo, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Unalia nini tena?" akasema. "Sema kama hukuipenda niirudishe dukani."

"Ni nzuri. Inafanya kazi kuliko wewe mwenyewe ulivyokuwa ukifanya kazi za nyumbani."

Wakacheka huku wakishika nyuzi za matumbo yao.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, sitaki kuificha. Alvina alikunywa maji. Alikula tikiti maji amesimama, juisi ikimchuruzika kwenye viwiko. Alirudi kwenye kibanda cha kanisa kukaanga mikate mikubwa ya kuuza sikukuu, akatukana watu waliokuja na sahani ndogo, akacheza dansi na wanaume wadogo kwake. Alikwenda kituoni kuwasalimia wenzake wa zamani mpaka aliposikia jirani yake wa dirishani ameufuata mguu wake. Tangu hapo hakumtaja tena isipokuwa kwa kusema yule wa mguu.

Kisha Rochelle akaanza kuwa na kiu. Aliweka chupa ya maji kwenye meza ya darasani, kisha chupa mbili. Alipungua uzito, akasema ni uchovu wa watoto. Alipopimwa, sukari ilikuwa juu. Alijitahidi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu: aliacha mikate, aliacha soda, alitembea kila asubuhi kando ya mfereji na Tasheena, akameza dawa zake bila kuruka. Haikusaidia kitu. Ule ugonjwa ulikwenda moja kwa moja ulikozoea kwenda, na safari hii ulikuta figo moja. Miaka tisa baada ya kupasuliwa, Rochelle alipangiwa kiti. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, karibu na dirisha.

Sasa Alvina ndiye aliyeendesha. Na ndani ya nyumba ile likaingia jambo ambalo hakuna aliyeligusa kwa maneno. Mkojo wa Rochelle ulikuwa umekata. Wa Alvina ulitoka, wa kutosha, wa mtu mzima wa afya, tena kwa kazi ya kiungo cha Rochelle, na choo cha nyumba yao kilikuwa ukuta mmoja na sebule, ambako Rochelle alishinda amelala. Alvina alianza kufungulia bomba la beseni ili usisikike. Baadaye aliacha hata hilo, akawa anabana mpaka Rochelle atoke, au anakwenda nje nyuma ya meskiti, ile miti ya miiba ya jangwani, na umri wake ule, anachuchumaa kwenye miiba ili mtoto wake asisikie.

Rochelle alisikia. Hakusema.

Moyo wake nao ukaanza kuchoka kwa zile mashine. Foleni ya kusubiri figo ya mtu aliyekufa ilikuwa ndefu, na daktari wa moyo alisema waziwazi kwamba moyo huu hautafika mwisho wa foleni. Hapo ndipo Tasheena, aliyekuwa na miaka ishirini na minne, mkimbiaji, mwembamba, sukari yake safi kabisa, alipokuja jioni moja na tabasamu hadi masikioni.

"Bibi, nimeshaamua. Nampa mama moja."

Alvina alikuwa akipukuta unga mikononi. Mikono ikasimama.

"Mama alikupa wewe, mimi nampa mama," Tasheena akaendelea. "Mwanangu atanipa mimi. Tutazungusha figo kama sufuria la kanisa."

"Nyamaza!" Alvina alifoka, mpaka Rochelle akafumbua macho kwenye kochi.

"Kha, bibi! Natania tu."

"Mambo mengine hayana utani."

"Huyu leo kaumwa na nini?" Tasheena akamuuliza mama yake. Rochelle alikuwa akimtazama mwanawe, na usoni mwake Alvina aliona kitu alichokitambua mara moja, kwa sababu alikuwa nacho yeye mwenyewe ndani ya gari, miaka ile. Rochelle naye alitaka kuishi.

Alvina hakupata usingizi wiki nzima. Hesabu ilikuwa nyepesi na hakuna upande uliompa nafuu. Akinyamaza kama mwanzo, huenda Rochelle akapata figo akaishi, na Tasheena akabaki na moja, akisubiri sukari ya ukoo imkute. Akisema, Tasheena atabaki na zake mbili, na Rochelle atakufa kwenye kile kiti. Tena atakufa akijua. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona.

Daktari Halvorsen alikuwa amepata mvi. Aliwakumbatia wote, akatoa mchoro wa zamani, akaubandika ubaoni. Alama ya kuuliza ilikuwa pale pale ndani ya mraba.

"Nitawaambia ninavyofikiri," akasema. "Niko njia panda. Baba yake Tasheena ni mtu wa mbali na ukoo wake wote ni wazima. Huenda figo ya Rochelle ilikwisha haraka kwa sababu ilibaki peke yake. Ikiwa ubaya ulitoka kwa bibi peke yake, Tasheena amepokea kidogo, na naweza kumkubali. Lakini ikiwa Rochelle aliupata kwa mama na kwa baba, basi alikuwa na ubaya mwingi wa kumgawia mtoto wake, na kumpasua Tasheena litakuwa kosa." Akamgeukia Alvina. Hata safari hii alisema kwa upole. "Bibi, najua hamuwasemi. Sitakulazimisha."

"Kabla sijasema," Alvina akamkatiza, "nina ombi. Hii iliyomo kwangu ni yake. Itoeni, mumrudishie mwenyewe. Mimi nirudi kwenye kiti."

"Mama, acha," Rochelle akasema.

"Niache niulize! Ni yake. Inafanya kazi, naijua, inanipeleka nje usiku na mchana."

Daktari akapiga magoti mbele yake. "Haiwezekani, bibi. Imekaa kwako miaka mingi, imezeeka na dawa, imeshikana na mwili wako. Nikiitoa itakufa, nawe utakufa, na yeye hatapona. Ningeweza ningefanya."

Alvina akatikisa kichwa kukubali. Akawatazama mmoja mmoja: Tasheena aliyekuwa akichezesha mguu kwa haraka za ujana, Rochelle aliyevimba macho, mkono wake wa kushoto umejaa mishipa minene ya sindano. Kisha akafumba macho yake, kwa sababu hakuweza kusema huku anawaona.

"Emmett," akasema. "Emmett Allison. Alikuwa na sukari, akafa kwa figo. Kaka yake Clifford, sukari, akafa kwa figo. Mama yao Hattie, sukari, akafa kwa figo. Mimi ndiye niliyewaosha."

Daktari alinyanyuka, akachukua kalamu, akaishika tu bila kuandika.

"Ulijua," Rochelle akasema.

Alvina akafumbua macho.

"Siku ile alipokuuliza. Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Alikuambia utikise kichwa tu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kutikisa kichwa tu, mama!"

Tasheena alikuwa ameanza kulia, akisema haidhuru, atatoa hivyo hivyo, ni mwili wake, na daktari akawa anamwambia hapana, binti yangu, sitakupasua, na daktari mwingine yeyote akiyajua haya hatakupasua. Rochelle hakuwasikiliza. Aligeuka kwa mwanawe akamwambia kwa sauti kavu, "Hutoi kitu. Kaa na zako." Alvina alimwona akilitupa lile tumaini kwa mkono wake mwenyewe, wala hakuchelewa kama yeye alivyochelewa. Hapo ndipo aibu ilipomkamata barabara, akatamani ardhi ipasuke.

Tasheena aliendesha kurudi. Mashamba ya pamba yalipita, na mto mkavu, na hakuna aliyewasha redio. Walipokaribia Sacaton Rochelle akasema kutoka kiti cha nyuma:

"Litaje tena."

"Nini?"

"Jina la baba yangu. Nimelisikia leo kwa mara ya kwanza, na nimelisikia pamoja na hayo mengine. Nataka nilisikie peke yake."

Kwa maisha yake yote Alvina aliamini kwamba ukimwita aliyekufa anakuja kuchukua mtu, na mtu wa kuchukuliwa alikuwa ameketi pale nyuma.

"Emmett," akasema.

"Alikuwa akipiga gitaa kweli? Watu waliniambia hivyo."

"Alikuwa akilipiga vibaya. Watu walicheza kwa kumwonea huruma."

Rochelle alitoa mlio mfupi puani, kile kicheko cha kwao. Alvina alipothubutu kugeuka alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye kioo, machozi yakimtiririka bila sauti. Alitamani kunyoosha mkono amguse. Hakuona ana haki hiyo.

Walifika nyumbani jua likiwa bado kali. Tasheena alibaki ndani ya gari, hakutaka kushuka. Alvina alikuwa amebanwa na mkojo tangu Phoenix. Hospitalini hakwenda kwa aibu, njiani hakuomba wasimame. Alisimama katikati ya sebule ameng'ang'ania mkoba, miguu imebanana, akitazama mlango wa nyuma unaoelekea kwenye miti. Rochelle alikuwa ameshalala kwenye kochi, uso ukutani.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Acha kwenda nje kujificha. Nenda chooni ukakojoe." Hakugeuka. "Hiyo ni figo yangu. Usiibane, utaiharibu."

Alvina akaenda. Alikaa, na mkojo ukatoka, mwingi, ukalia ndani ya choo kwa muda mrefu, wala hakufungulia bomba. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya.